Neno la Mwenye Mchi

"Mwalimu, mchi uko wapi?"

Hayo ndiyo niliyosema kanisani Jumapili iliyopita, nimesimama katikati ya watu, mtoto ananyonya, kanga imenidondoka bega moja. Wanaosema nilipiga kelele hawajawahi kunisikia nikipiga kelele. Niliuliza tu, kwa sauti ya kumwita mtu aliye upande wa pili wa uwanja. Mwalimu wetu wa dini akakatiza mahubiri, mkono wake bado uko hewani, kanisa zima likageuka kuniangalia kama vile kaingia mbuzi.

Nikueleze mwenyewe, maana hapa Mosimboa kila mtu ameshalisimulia kwa namna yake, na wengine hata hawakuwepo.

Mwalimu alikuwa anahubiri kisa cha kuku. Mkubwa mmoja ana banda limejaa kuku, maskini jirani yake ana kuku mmoja tu, analala naye ndani, anamlisha makombo ya mkononi. Mkubwa akapata mgeni. Akaliacha banda lake, akaenda kumkamata yule mmoja. Mwalimu akisimulia kisa hiki anasema neno, anakata, anatoa pumzi kutoka kifuani, hn. Anasema jingine, anakata. Hn. Watu wanampenda kwa hilo. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa ubavuni mwangu alikuwa anafuta machozi, ananinong'oneza nisikilize pumzi ile, ile ni pumzi ya Roho. Vijana wanaojifunza kazi ya ualimu wa dini nao wameshaanza, wanakata na kuguna vilevile hata wakisoma matangazo ya ndoa.

Nilivumilia. Tangu nimerudi kutoka ng'ambo ya Ruvuma nimekuwa navumilia. Lakini Jumapili ile mwalimu akaweka kiganja kifuani, akasema kisa cha kuku alipewa na Mungu wakati wa vita, yeye peke yake porini, hana mtu wa kumsaidia. Hapo uvumilivu ukakatika.

Kwenye Kitabu hakuna kuku. Kitabuni ni kondoo, na ni kisa cha nabii aliyemkemea mfalme. Kuku ni wa bibi yangu, na ile pumzi inayowaliza watu ni pumzi ya mwanamke anayetwanga mahindi.

Unakumbuka vile vijiji vya seng'enge? Kama hukukaa humo, umesikia. Wareno walipoona vita vimekolea walitutoa juu kwetu Umakondeni, wakatushusha karibu na pwani, wakatupanga nyumba kwa mistari kama meno ya kitana, wakazungusha waya. Wao walipaita aldeamento, sisi tulipaita zizi. Wenyeji wa pwani, Wamwani, nao waliingizwa humohumo, tukawa tunaamshwa na adhana yao na wao wanaamshwa na majogoo wetu, mpaka majogoo walipoisha. Asubuhi askari aligonga ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye nguzo, lango likafunguliwa, watu wakaenda mashambani na mlinzi nyuma yao. Jua likianza kulegea ringi ikalia tena, tukahesabiwa kama kuku wenyewe.

Baba na mama walikuwa wameshavuka mto kwa upande wa Nhica, wamekwenda kwa wapiganaji. Mimi niliachwa kwa sababu nilikuwa na surua, na mtoto anayelia hawezi kupitishwa porini. Kwa hiyo duniani nilikuwa na bibi tu, mama yake mama. Aliniita mke mwenzangu, kama bibi wengine wote wanavyowatania wajukuu zao wa kike, na mimi jina lile nililichukua kwa uzito wote. Nilitaka kweli awe wangu. Sikutaka kumgawa.

Tatizo ni kwamba bibi alikuwa wa watu wote.

Zamani, kabla ya vita, alifua nguo misheni kule juu. Hakujua kusoma, lakini miaka yote ile ya kufua karibu na dirisha la darasa la dini alikuwa amesikia visa vyote, akavigeuza vikae vizuri mdomoni mwake. Kondoo akawa kuku kwa sababu, alisema, nani hapa kafuga kondoo? Mfalme akawa mkubwa. Jangwa likawa ile njia ya mchanga ya kwenda Mukojo. Akachanganya Kimakonde na Kiswahili cha pwani ili jirani yetu Mmwani naye asikie, ingawa jirani alikuwa Mwislamu na alisema wazi kwamba yeye anakuja kwa ajili ya kinu.

Maana mikutano ilikatazwa. Wanawake watatu wakisimama kisimani muda mrefu, askari anakuja kuwatawanya. Kanisani, kibanda cha makuti tu, padri alikuja mara chache sana na akija anazungumza kwa uangalifu wa mtu anayevuka maji asiyoyajua kina. Lakini kutwanga siyo mkutano. Nani atakataza watu kutwanga chakula? Basi alasiri wanawake walileta mahindi na makopa yao ya muhogo ugani kwetu, kwenye kinu kikubwa cha bibi, wakapokezana mchi, na pale ndipo kanisa lilipokuwa.

Sheria yake ilikuwa moja, aliyeshika mchi ndiye mwenye neno. Hakuna mwingine wa kusema. Ukitaka kusali, kuonya, kulalamika mbele ya Mungu, subiri upokezwe mchi, utwange, useme katikati ya pigo na pigo. Ukichoka, neno lako limekwisha, mpe mwenzio. Bibi alikuwa akisema kwamba mtu aliyekaa mikono imelala anaweza kusema chochote, lakini anayetwanga pumzi yake ni ndogo, hana ya kupoteza kwenye uongo. Hata leo nikimsikia mtu anazungumza kwa urefu, jicho langu linakwenda kwenye mikono yake.

Ningekupa sauti ile kama ingewezekana. Mchi unashuka, du, ardhi inatikisika chini ya nyayo, pumzi inatoka, hn, halafu neno. Harufu ya makopa inayochachuka kidogo, unga umekaa kwenye kope za watu, kauzu wanakaangwa nyumba ya pili. Na bibi kati, kanga imefungwa kifuani, misuli ya mikono inacheza kama samaki ndani ya ngozi, anasema: Mkubwa huyu. Du. Hakuwa na njaa. Du. Alikuwa na mazoea.

Mimi kazi yangu ilikuwa ungo. Nilipeta, pumba zikanishika shingoni penye jasho zikawasha, nikasikiliza. Mchi ulinizidi urefu. Nilipouomba bibi alicheka akaniambia, "Mke mwenzangu, kwanza ukue. Ukikuangukia huu nitamwambia nini mama yako?" Nikakaa na ungo wangu, nimenuna, nawaonea wivu wanawake wote waliokuwa warefu.

Kisha akaja yeye. Mwalimu.

Alikuwa kijana wakati ule, kasoma kidogo kwa mapadri, Kireno anakijua. Kituo cha jeshi kilimtumia kama mkalimani, na Jumapili padri asipokuja ndiye aliyeongoza sala. Alikuwa na sauti nzuri na woga mwingi. Akisoma kanisani aliangalia chini mpaka mwisho. Bibi akamhurumia. Akamwambia aje alasiri akae pale kwenye kinu asikilize, labda ataokota kitu.

Akaja, akaletewa kigoda. Mimi nakaa chini kwenye pumba, yeye kigoda. Bibi akimaliza zamu yake ya mchi akaketi karibu naye, akamrudishia kisa polepole, hapa ukate, hapa uwaache wangoje, hapa usiangalie chini. Alimsemesha na kumsahihisha, akampa hata kile kipande cha ukoko wa ugali ambacho siku zote kilikuwa changu. Nilipeta kwa nguvu mpaka mahindi yakamwagika. Bibi akaniangalia upande, akasema wivu ule ungenikausha kama dagaa. Ulinikausha kweli. Visa vile vyote nilikuwa navijua mimi, kwa kichwa, kwa mpangilio, na hakuna aliyeniuliza. Nilimwonea wivu mwalimu, na nikikwambia ukweli wote, nilimwonea wivu Mungu pia, maana bibi alimzungumzia kwa uso ambao mimi sikuwahi kuuona akinigeuzia.

Wakati huo askari walikuwa wamemaliza kuku wa zizi. Mkubwa wao, kabo mmoja mnene mwenye kiatu kinacholia, alipita nyumba kwa nyumba akaonyesha kwa fimbo, huyu, na huyu. Jirani yetu Mmwani alibakiwa na tetea mmoja akamficha ndani ya tenga chini ya kitanda. Wakamsikia akitaga. Kuku akitaga hajui kunyamaza. Wakamchukua.

Alasiri ya siku ileile bibi akashika mchi akaanza kisa chake. Hajafika kati, kabo akatokea kwenye kona ya nyumba, nyuma yake askari mmoja. Nadhani alitaka unga. Wanawake wakainamisha vichwa. Bibi hakukata, mchi ukashuka na kupanda, akaendelea. Mkubwa akapata mgeni. Du. Akaliacha banda lake. Du. Kabo akasimama, akamuuliza mwalimu kwa Kireno huyu kizee anasema nini.

Mwalimu akasimama kutoka kigodani. Bibi akamwambia bila kusimamisha mchi, "Mfasirie, mwanangu. Usimpunguzie."

Akampunguzia. Alimwambia kabo kwamba ni hadithi ya zamani ya mwizi wa kuku, ya kuchekesha watoto. Kabo akacheka, askari akacheka, na pale mambo yangekwisha. Watu wengi mpaka leo wanasema mwalimu alitaka kumwokoa bibi, na mimi sikatai kwamba alitaka. Lakini bibi alikisikia kile kicheko. Alikijua, alikuwa amefulia Wareno miaka mingi, alijua kicheko cha mtu aliyeambiwa pungufu ya kilichosemwa. Akasimamisha mchi, akauegemea, akamwangalia kabo usoni. Kireno chake kilikuwa maneno ya sabuni na mashuka tu, lakini mawili yalimtosha.

"És tu," akasema. Ni wewe. Kisha kwa Kiswahili, taratibu, ili sisi tusikie: "Mkubwa wa kuku ni wewe."

Jirani Mmwani alikuwa ameshika ungo wangu upande wa pili, akauweka chini. Kabo akawa mwekundu kuanzia shingoni. Akasukuma kinu kwa kiatu, unga ukamwagika mchangani, akamwamuru askari amchukue.

Walimrudisha baada ya siku kadhaa. Walikuwa wamempiga palmatoria, lile bamba la mbao lenye matundu, kwenye viganja. Mikono yake ilikuwa imevimba ikang'aa kama mbilingani, vidole havikunjiki. Nilimlisha uji kwa kijiko. Sikulia, nilikuwa na hasira hata sikupata nafasi ya kulia, na kitu kibaya zaidi ni kwamba nilikuwa nimefurahi. Bibi alikuwa wangu. Hawezi kutwanga, basi hana neno, basi atakaa ndani na mimi.

Wanawake wakaja alasiri kama kawaida, wakakalisha kinu, wakatia mahindi, wakasubiri. Bibi akatoka. Akasema nimletee mchi. Nikaukokota mpaka kwake, nikausimamisha, nikaushika kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nimeshaongezeka urefu kidogo na nilijua kisa chote. Nilimwangalia usoni.

Yeye akamwangalia mwalimu.

Alikuwa amekuja, kigoda hakukaa, amesimama karibu na ukuta. Bibi akamwambia mbele ya wote, "Neno nimekupa. Chukua na mchi."

Mwalimu akatazama mchi, akatazama huku na huku kama kuna askari. Hapakuwa na askari. Kulikuwa na wanawake tu. "Bibi," akasema, "mimi ni mwanaume."

Ndiyo sababu aliyotoa. Angesema naogopa, bibi angemkalisha akamfariji, maana woga aliujua na hakuuchukia. Kutwanga ni kazi ya wanawake, na mtu anayejifunza dini ataonekanaje? Mchi ukabaki mikononi mwangu na mimi nikafikiri, sasa, sasa ataniambia. Nikavuta pumzi. Jirani yetu Mmwani akainuka kwenye mkeka, akautwaa mchi kutoka mikononi mwangu kama mtu anayempokea mwenzake ndoo, akaanza kutwanga. Hakusema kitu. Neno la dini yetu hakuwa nalo na hakujifanya kuwa nalo. Alitwanga tu, mahindi ya watu wote, mpaka yakalainika, na sisi wote kimya, na kule kwenye lango askari wanasikia kinu cha bibi kinalia kama siku zote.

Usiku wake bibi aliniambia hajawahi kusikia mahubiri kama yale. Nikageukia ukutani. Nilimwonea wivu hata jirani.

Muda si mrefu mtu wa kunivusha akapatikana. Nikapelekwa Nhica, nikavuka, nikamkuta mama, nikapelekwa shule Mtwara mpaka nikamaliza sekondari. Bibi alifia zizini kabla vita havijaisha. Sikumwona.

Niliporudi na mtoto wangu nilikwenda pale tulipokaa. Waya umeng'olewa, watu wameutumia kufungia mazizi ya mbuzi na kuanikia nguo. Uga wetu umeota mchicha. Hakuna kinu kinacholia. Hapa mjini mahindi tunapeleka mashineni kwa mfanyabiashara, mashine inaunguruma hata ukimwita mwenzio hasikii, kila mtu anapanga foleni na debe lake kimya, unga unatoka wa moto, tunaondoka. Ugali wake hauna ladha ya mtu. Watoto wetu hawataijua ile sauti, wataijua tu kama mguno wa mwalimu.

Jirani Mmwani bado yupo. Mgongo umempinda, ulimi haujapinda. Aliniangalia juu mpaka chini, akaingia ndani, akatoka na mchi wa bibi. Ameutwangia miaka yote ile, umeliwa ncha zote mbili. Uliokuwa unanipita kichwa sasa unanifika kidevuni.

"Bibi yako alisema ukirudi na hasira nikupe," akaniambia. "Ukirudi na adabu nimpe mwingine."

Basi Jumapili, baada ya swali langu, wazee wa baraza la kanisa waliniita nyuma. Wakasema mwanamke hasimami wakati wa mahubiri, tena ananyonyesha. Wakasema mwalimu ameteseka katika vita. Wakasema yanaonekana ni mambo ya wivu. Nikawajibu ndiyo, ni wivu, na nimekuwa nao tangu niko mdogo, na haunifanyi mwongo. Mwalimu mwenyewe alikaa pale anaangalia mikono yake, mikono mizuri laini. Mwisho wakaniambia kama nina malalamiko niyaandike rasmi, nadhani wakitegemea nitachoka njiani. Wamesahau kwamba nimekaa darasani. Nikaandika usiku ule mtoto alipolala, Jumatatu nikampelekea katibu wa baraza mkononi, akapiga muhuri mbele yangu. Haya ndiyo yaliyomo.

"Kwa Baraza la Wazee wa Kanisa. Mimi, mama wa mtoto mmoja, muumini wa kanisa hili, namlalamikia mwalimu wa dini kwa jambo lifuatalo. Anasema kisa cha kuku alipewa na Mungu akiwa peke yake porini. Siyo kweli. Alipewa na bibi yangu, ndani ya seng'enge, mchana, mbele ya wanawake, na baadhi yao wako hai na mnawajua. Sisemi ameiba. Alipewa, nilikuwepo, na kuona akipewa kuliniuma na bado kunaniuma. Ninacholalamikia ni kwamba alipewa mchi pamoja na neno, akachukua neno, akauacha mchi. Siombi aondolewe wala aombe radhi. Naomba Baraza liamue hivi. Jumapili yoyote atakayohubiri kisa cha kuku, kinu kiwekwe mbele ya kanisa na mahindi ndani yake, na mwalimu atwange huku akisema, mpaka yawe unga, na unga apewe mjane atakayekuwepo, wa dini yoyote. Pumzi ikimwishia kabla kisa hakijaisha, akae, ampe mwingine. Mchi usitafutwe. Uko kwangu. Mtoto nitamfunga mgongoni, nitakuja nao mwenyewe."